Rangi Inapovunjika: Mhadhara Kuhusu Rangi za Azo Katika Vipodozi

Oktoba 1987, mahakama ya rufaa mjini Washington ilitoa hukumu kuhusu rangi mbili za vipodozi. Moja iliitwa D&C Orange No. 17. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imepiga hesabu ikaona kwamba mtu akiitumia rangi hiyo maisha yake yote, uwezekano wa kupata saratani kwa sababu yake ni 1 kati ya bilioni 19. Mwaka huo dunia nzima ilikuwa na watu wapatao bilioni 5. FDA ikaona hatari hiyo ni sawa na hakuna, ikairuhusu rangi. Shirika la Public Citizen, lililoanzishwa na Ralph Nader mwaka 1971 kutetea walaji, likaenda mahakamani likiwa limeshika kifungu kimoja cha sheria ya 1960: rangi iliyobainika kuleta saratani kwa binadamu au kwa mnyama isiruhusiwe. Kifungu hakikusema chochote kuhusu hatari ndogo wala kubwa. Majaji wakakubaliana na walalamikaji, na mwaka uliofuata rangi ile ikafutwa.

Ni rahisi kuicheka hukumu hiyo. Hata hivyo ndani yake mna swali linalostahili kufuatwa mpaka mwisho wake: rangi inayopakwa mdomoni, kopeni au mkononi huwa salama kwa sababu gani, na huacha kuwa salama lini?

Orange No. 17 ni ya ukoo wa rangi za azo. Ukoo huo ni mkubwa kuliko mwingine wowote katika biashara ya rangi. Zaidi ya nusu ya rangi zote zinazotengenezwa viwandani zimo humo. Vitenge, viatu vya ngozi, soda ya machungwa, sabuni, lipstiki, rangi ya kucha na poda ya mashavuni vyote huchota kutoka kisima kimoja. Alama ya ukoo ni atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana, na kila moja imeshika pete ya kaboni upande wake. Wanakemia huuita muungano huo daraja la azo. Daraja ndilo linaloipa molekuli rangi yake ya manjano, ya machungwa, nyekundu au ya kahawia.

Aliyegundua kemia hiyo ni Mjerumani Peter Griess, mwaka 1858. Miaka michache baadaye aliajiriwa kiwanda cha bia cha Allsopp huko Burton-on-Trent, Uingereza, akafanya kazi hapo hadi alipofariki mwaka 1888. Mchana alipima bia, na muda uliobaki akaendelea kutengeneza molekuli ambazo zingewatajirisha wengine. Malighafi ilikuwa lami ya makaa ya mawe, takataka iliyobaki pale miji ya Ulaya ilipokuwa ikizalisha gesi ya kuwashia taa za barabarani. Takataka ikawa mali. Siku hizi malighafi hutoka kwenye petroli, lakini namna ya kuziunganisha pete zile ni ileile ya Griess.

Mwaka 1883 Mjerumani mwingine, Paul Böttiger, alitengeneza rangi nyekundu iliyoshika pamba bila kuhitaji dawa ya kuikazia. Kampuni ya AGFA ya Berlin ikainunua na kuiingiza sokoni kwa jina la Congo Red. Haikuwa na uhusiano wowote na Kongo. Wakati huo mabeberu walikuwa wamekaa Berlin wakijadili namna ya kugawana Afrika, Kongo lilikuwa linatajwa kila siku magazetini, na wafanyabiashara wakaona jina hilo litauza. Rangi yenyewe ilijengwa juu ya benzidini, kemikali ambayo leo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, umeiweka katika kundi la 1, yaani imethibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Onyo la kwanza lilitoka Frankfurt. Mwaka 1895 daktari mpasuaji Ludwig Rehn alieleza wenzake kwamba amekuta uvimbe wa kibofu cha mkojo kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha rangi. Alidhani chanzo ni anilini. Miongo iliyofuata ilionyesha kwamba wauaji wakubwa ni amini nyingine za jamii hiyo, hasa benzidini na 2-naftilamini, ambazo ndizo pete zinazotumika kujengea rangi. Watu walioumia hawakuwa wanunuzi wa nguo wala wapaka midomo. Walikuwa vibarua waliovuta vumbi na mvuke wa malighafi kwa miaka mingi. Jambo hilo lisisahaulike, kwa sababu mara nyingi hofu ya leo huchukua ushahidi wa kiwandani na kuumwaga wote juu ya meza ya kujipambia, kana kwamba kibarua wa 1895 na msichana mwenye lipstiki wamepata dozi moja.

Hata hivyo kuna sababu ya kuwaunganisha hao wawili. Sababu hiyo ilijulikana kupitia dawa.

Mwaka 1932 wanakemia wa Bayer, Josef Klarer na Fritz Mietzsch, walitengeneza rangi nyekundu ya azo iliyokuja kuitwa Prontosil. Mwenzao Gerhard Domagk akaijaribu kwa panya waliotiwa bakteria wa kuua, na panya wakapona. Domagk alimpa hata binti yake mwenyewe, Hildegard, aliyekuwa na mkono uliooza kwa maambukizi baada ya kujichoma na sindano, naye akapona. Jambo la ajabu ni kwamba rangi hiyo ikiwekwa kwenye chupa ya maabara pamoja na bakteria, haikuwafanya kitu. Mwaka 1935 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris wakafumbua fumbo: ndani ya mwili daraja la azo hukatwa, rangi hupotea, na nusu moja iliyobaki, sulfanilamidi, ndiyo inayotibu. Rangi ilikuwa mfuko tu wa kubebea dawa.

Huo ndio ukweli ambao mambo yote ya usalama wa rangi za azo yanauzunguka. Bakteria wa utumbo hukata daraja. Vimeng'enya vya ini hukata daraja. Maabara zimeonyesha kwamba hata bakteria wa kawaida wanaoishi juu ya ngozi ya binadamu, wakiwamo wa jamii ya Staphylococcus, wana uwezo wa kulikata. Kwa hiyo anayetaka kujua kama rangi fulani ni salama hawezi kutosheka na kuipima ikiwa nzima. Lazima aulize inavunjika kuwa nini.

Hapa kuna aya ya kemia ambayo mwenye haraka atatamani kuiruka. Asiiruke, maana ndiyo inayotenganisha rangi za kuogopa na zisizo za kuogopa. Rangi nyingi za azo zinazoruhusiwa katika chakula na vipodozi, kama tartrazini ya manjano na Allura Red, zimebandikwa vikundi vya salfoneti vinavyozifanya zipende maji. Zikikatwa, vipande vyake hubaki vikipenda maji. Havipenyi kirahisi kwenye seli, na figo huvitoa. Upande wa pili kuna rangi zinazopenda mafuta, kama Sudan I. Hizo hupenya ngozi kwa urahisi zaidi, na zikikatwa hutoa amini zisizo na salfoneti, anilini ikiwa mojawapo. Kwa macho, tartrazini na Sudan I zinakaribiana. Kwa mwili ni vitu viwili tofauti.

Sheria za Ulaya kuhusu nguo zimeufuata ukweli huo moja kwa moja. Agizo la mwaka 2002 halikushughulika na jina la rangi. Liliorodhesha amini 22 na kusema kwamba nguo au ngozi inayogusa mwili isitoe yoyote kati ya hizo kwa kiwango kinachozidi miligramu 30 kwa kilo pale rangi yake inapovunjwa. Ni sheria yenye akili. Inapima uchafu unaobaki baada ya rangi kuondoka.

Katika vipodozi njia ni nyingine: orodha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009 ina jedwali la rangi zinazoruhusiwa, na isiyomo humo haipakwi. Tena kila rangi imepewa mipaka yake. Nyingine huruhusiwa popote, nyingine zisiguse macho, nyingine zisifike kwenye utando laini kama wa midomo, nyingine ziwe kwenye bidhaa za kuoshwa tu, kama shampuu. Mipaka hiyo si urasimu mtupu. Lipstiki huliwa kidogo kidogo na chai na ugali, kwa hiyo rangi yake hufika kwa bakteria wa utumbo. Rangi ya kucha hukauka na kukaa pale pale.

Marekani imeongeza jambo ambalo Ulaya haina. Huko kila mkupuo wa rangi hizi unaotoka kiwandani hupelekwa sampuli FDA, hupimwa, na hupewa namba ya kibali kabla ya kuingia kwenye lipstiki hata moja. Risasi isizidi sehemu 20 kwa milioni, aseniki isizidi 3, zebaki isizidi 1. Anayetengeneza rangi ndiye anayelipa gharama. Kwa maoni ya mwandishi wa mhadhara huu, upimaji huo una thamani kubwa kuliko hukumu ya 1987 na bilioni zake 19, kwa sababu uzoefu unaonyesha kwamba madhara mengi huletwa na uchafu uliojificha ndani ya rangi nzuri.

Japani iliujua uchafu huo kwa gharama ya nyuso za wanawake wake. Katika miaka ya 1960 na 1970 madaktari wa ngozi walipokea wanawake waliokuwa na madoa ya kahawia iliyokolea usoni, wakati mwingine yakikaribia rangi ya buluu, yaliyosambaa kama wavu. Wengine hawakuwa wamewashwa sana, kwa hiyo hawakufikiria mzio. Waliona weusi, wakaongeza poda na rangi ya mashavu ili kuuficha. Weusi ukazidi, poda nayo ikazidi.

Uchunguzi wa madaktari, uliochapishwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, uliifikia rangi nyekundu ya azo iliyoitwa Brilliant Lake Red R. Walipoichambua wakakuta mkosaji hasa ni Sudan I, iliyokuwa imezaliwa humo kama zao la pembeni wakati wa utengenezaji na haikusafishwa. Mzio wa taratibu ulikuwa unaharibu seli za chini za ngozi ya juu na kuimwaga rangi yake ndani, ukiacha doa. Kufikia mwaka 1977 makampuni makubwa ya vipodozi ya Japani yalikuwa yameacha kutumia viambato vilivyobainika kuwasha vikali, na wagonjwa wapya wakapungua sana. Nchini India doa la namna hiyohiyo limeandikwa na madaktari kwenye vipaji vya nyuso za wanawake wanaopaka unga wa kumkum uliotiwa rangi za bei rahisi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atambue kitu katika kisa hicho. Uso unaokuwa mweusi baada ya kutumia kipodozi, hapa kwetu, moja kwa moja hulaumiwa krimu ya kujichubua. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Zebaki na haidrokwinoni vimeharibu nyuso nyingi. Lakini si mara zote.

Sudan I yenyewe haijakoma kutembea. Mwaka 2005 ilikutwa Uingereza ndani ya unga wa pilipili uliotiwa kwenye sosi, na vyakula zaidi ya 400 vikaondolewa madukani. Mtu aliyetaka pilipili yake ionekane nyekundu zaidi aliona rangi inayotumiwa kwenye nta inafaa.

Turudi kwenye vipodozi, na kwenye jamaa wa karibu wa rangi za azo ambaye madhara yake yako mlangoni. Mwaka 1933 Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Wanawake kadhaa walivimba macho, mmoja akapofuka, na mwingine akafa kwa maambukizi. Serikali haikuweza kuiondoa sokoni, kwa sababu sheria ya 1906 haikugusa vipodozi kabisa. Ilipokuja sheria mpya ya 1938 ikavigusa, lakini watengenezaji wa rangi za nywele wakapata upenyo: wangeweza kuendelea kuuza, mradi waandike onyo kwamba bidhaa inaweza kuwasha ngozi na kwamba ikipakwa kwenye kope au nyusi inaweza kupofusha.

PPD si rangi ya azo. Ni amini ndogo isiyo na rangi kubwa, hugeuka nyeusi inapokutana na hewa au oksijeni ya dawa ya pili ya kwenye boksi. Undugu unaonekana daraja la azo linapokatwa: rangi ya vitambaa iitwayo Disperse Orange 3 ikivunjwa hutoa PPD yenyewe. Ndiyo maana mtu ambaye mwili wake umeshajifunza kuikataa PPD anaweza baadaye kuwashwa na nguo ya ndani nyeusi iliyotiwa baadhi ya rangi za azo, au na baadhi ya dawa za ganzi, bila kuelewa nguo au sindano imemkosea nini.

Na mwili unajifunzia wapi? Pwani yetu jibu ni piko.

Kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja, na mpaka Muscat, bibi harusi hupambwa mikono na miguu kwa maua. Hina ya majani ya mhina hutoa rangi kati ya machungwa na kahawia nyekundu, huhitaji saa nyingi kukolea, na kwa karne nyingi imepakwa bila kesi kubwa. Piko ni nyeusi tititi, hukolea upesi, na hutengenezwa kwa unga wa kutia nywele rangi. Mchoraji mwenye mkono mwepesi huitumia kuchora mstari mwembamba unaotenga ua na jani. Ni sanaa nzuri, na mhadhara huu hauna ugomvi na wachoraji. Ugomvi ni na kilichomo ndani ya kikombe.

Ulaya inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na hairuhusu kabisa ichorwe juu ya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika Falme za Kiarabu ulipima hina nyeusi iliyochukuliwa kwenye saluni na kukuta PPD kati ya asilimia 0.4 na 29.5. Rangi ya nywele hupakwa zaidi kwenye nywele kuliko kwenye ngozi, na huoshwa baada ya nusu saa. Piko huachwa ikauke juu ya ngozi tupu. Wengi hawapati neno mara ya kwanza. Baada ya siku kadhaa baadhi huota malengelenge yaliyofuata mistari ya mchoro, na doa au kovu hubaki. Madaktari wa Ulaya wamekuwa wakiandika kuhusu watoto wa watalii wanaorudi kutoka likizoni na ua la malengelenge mkononi. Mtoto wa kwetu huambiwa mkono wake una damu kali, akapakwa mafuta ya nazi.

Hatari kubwa inakuja baadaye. Msichana aliyechorwa piko akiwa na miaka 20 anafika 45, anaona mvi, ananunua rangi halali kabisa ya nywele, na usiku ule uso unavimba mpaka macho hayafunguki. Ndiyo sababu maboksi ya rangi za nywele yanayouzwa Ulaya yanalazimika kuandikwa onyo kwamba michoro ya hina nyeusi huongeza hatari ya mzio.

Sheria hazikosekani kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha vipodozi, EAS 377, na sehemu yake ya 3 ni orodha ya rangi zinazoruhusiwa. Tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara vimo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Kenya ni shirika lake la viwango, KEBS. Pengo liko kati ya orodha na kikombe cha piko. Orodha husoma lebo, na kikombe hakina lebo. Mwaka 2006 Kamisheni ya Ulaya iliondoa viambato 22 vya rangi za nywele kwa sababu moja tu: watengenezaji hawakuleta faili la kuonyesha usalama wake. Hakuna aliyesubiri mgonjwa. Kigezo hicho kikitumika kwa unga unaouzwa kama piko madukani kwetu, ni pakiti ngapi zingebaki rafuni?

Mnunuzi naye ana nyenzo ambayo wengi hawaijui. Rangi kwenye lebo ya kipodozi huandikwa kwa herufi CI na tarakimu tano. Namba zinazoanzia 11000 hadi 39999 ni za azo. Zinazoanza na 77 ni za madini, kama oksidi za chuma. CI 75470 ni nyekundu itokanayo na wadudu. Lipstiki yenye CI 15850 ina rangi ya azo, na mwenye nayo hana haja ya kuitupa: imo kwenye orodha, inapenda kukaa ilipo, na imechunguzwa kwa miaka mingi. Kipodozi cha kutiliwa shaka ni kile kisicho na namba yoyote, chenye rangi kali na kilichohamishiwa kwenye kikopo kingine, ambacho muuzaji hawezi kusema kimetoka wapi.

Basi somo au kungwi anayemwandaa bibi harusi aombe kuona boksi kabla mchoro haujaanza. Likiwa limeandikwa PPD au parafenilenidiamini, au likiwa halipo, achague hina ya majani na apange siku yake mapema, kwa sababu itachukua muda kukolea. Na aliyewahi kuwashwa na piko amwambie msusi, daktari wa meno na daktari wa ngozi kila anapokwenda, hata kama imepita miaka 20. Mzio wa PPD ukishaingia kwa kawaida haumtoki mtu maisha yake yote.